Kabati Juu ya Sanduku la Chuma

Jumatatu, 4 Agosti

Siku tano tu! Jumamosi mama watoto anaanza likizo, yake ya kwanza katika miaka mitatu, na nimemwapia kwamba asubuhi hiyo tutaondoka kwenda ziwani ndani ya nyumba yetu wenyewe ya magurudumu. Wauguzi wenzake wodi nzima ameshawatangazia. Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Basi dogo nililonunua, lililostaafishwa na shule, sasa halitambuliki. Kitanda tayari. Mapazia tayari. Leo nimemaliza kabati la jiko: mbao ngumu, sinki, vigae juu, gundi chupa tatu, skrubu hamsini na mbili. Nimelikalisha juu ya lile sanduku la chuma lililo katikati ya viti vya mbele. Sijui waliounda gari walilitia la nini, ila kimo chake kinafaa sana kwa jiko. Mimi ni seremala wa miaka ishirini na mbili. Nikigundisha kitu, kimegundika.

Jumanne, 5 Agosti

Kaja shemeji, kaka wa mke wangu. Mtaa mzima tunamwita Mkurugenzi, ingawa ni karani wa posta. Ana nyumba ya kukokotwa nyuma ya gari, na kwa hiyo dunia nzima anaijua yeye. Alinisomea aina zote bila kuulizwa: kuna ya kujiendesha kama yangu, kuna ya kukokotwa kama yake, kuna ya hema la kukunjua, kuna ya kupandishwa mgongoni mwa pikapu. Kila moja ina matatizo yake, akasema, huku anaitazama yangu tu.

Akauliza injini iko wapi. Swali gani hilo! Nikamwambia iko mbele, kama injini za watu wote. Akacheka hadi akakohoa. Nikampa chai ili anyamaze, akanywa vikombe vitatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeliwasha kwa majaribio. Likanguruma vizuri dakika kumi, kisha likazimika, na mvuke ukatoka chini ya sinki. Bado sijaunganisha hata bomba la maji! Nimefuta vigae. Nimewasha tena. Kimya.

Alhamisi, 7 Agosti

Makanika kafika. Kafungua mbele, kakuta taa na tangi la maji ya kuoshea kioo. Kaniuliza injini iko wapi. Nikamjibu kwamba fundi ni yeye, aitafute. Akaingia ndani, akagonga kabati langu kwa kidole, mara mbili, kama anabisha hodi. Akasema iko humu, chini ya lile sanduku.

Jamani! Nani anaweka injini katikati ya sebule?

Akasema tuvunje kabati, kazi ya saa moja. Nikamwambia avunje la mama yake. Baadaye nikamwomba radhi, kwa sababu makanika mwingine hapa karibu hayupo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata akili. Nimetoboa kidirisha ubavuni mwa kabati ili makanika apitishe mkono. Umeingia hadi kwenye kiwiko. Umetoka bila spana. Spana imebaki ndani, na makanika kaondoka bila kuaga.

Mama watoto kapanga nguo za safari kitandani. Anaimba. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi kakaa kiti cha mbele, kofia kichwani, mkoba mapajani. Ikabidi niseme. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akauliza tu: likivunjwa kabati, tunaondoka leo? Nikasema ndiyo, lakini atazame vile vigae. Akasema amevitazama. Akaniambia nichague, kabati au yeye. Nikamwomba nifikirie kidogo.

Akanisubiri mpaka saa nne. Kisha Mkurugenzi akapita na nyumba yake ya kukokotwa, akapiga honi, na mke wangu akapanda gari la kaka yake. Nimebaki na watu wa mtaa wakinitazama. Nimeumia, sitaki kudanganya.

Jumapili, 10 Agosti

Katuma picha. Ziwa, viti viwili, cha tatu kitupu. Ameandika kwamba hicho ni changu, nije hata kwa basi. Kwa basi! Mwenye nyumba ya magurudumu apande basi? Mkurugenzi angenicheka mpaka uzeeni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelivunja. Kwa nyundo, machozi yakinitoka. Makanika kachukua spana yake kwanza, ndipo akatazama injini. Mpira wa maji ulikuwa umechomoka. Dakika saba! Gari linanguruma kama jipya. Nikiondoka sasa hivi, saa kumi niko ziwani.

Jumanne, 12 Agosti

Sijaondoka. Nitafikaje mbele ya Mkurugenzi na nyumba isiyo na jiko? Ya kujiendesha isiyo na jiko ni basi tu! Mama watoto kapiga simu, kauliza kama gari limepona. Nikamwambia limepona kabisa, anihifadhie kiti. Akafurahi mpaka sauti ikabadilika.

Kabati jipya limesimama palepale, kwa sababu kimo cha lile sanduku hakina mfano. Safari hii skrubu ni mia moja. Gundi, ile ya kuundia boti. Muuzaji kasema ikishika, hata nyundo haifui dafu. Inataka siku nne kukauka, na likizo yake imebaki siku nne. Hesabu imekaa sawa kabisa.