Hatua Kumi na Mbili za Kukwea Mnazi

Jumatatu, 2 Juni 1986
Mkuu mpya wa chuo, Bi Mueni, kaja na balaa. Imla basi! Wanafunzi wajifunze kwa kutenda, na mwalimu atangulie. Ijumaa atakagua, na atakayemridhisha atakuwa mkuu wa idara ya kilimo. Cheo hicho nakingoja miaka tisa! Gerishom, asiyejua hata kufuta ubao, keshatoa darasa lake nje kujenga banda la kuku. Kisirani.

Mimi nafundisha minazi. Maelezo yangu ni safi: Kukwea Mnazi, Hatua Kumi na Mbili. Niliyaandika mwenyewe, nikiwa nimeketi. Mnazi wenyewe sijaugusa. Kwetu Nyeri tuna kahawa.

Jumanne, 3 Juni
Dawa nimeipata! Mwanafunzi wangu Fondo, wa Junju, babake ni mgema. Yeye atakwea, mimi nitaeleza kutoka chini. Kakubali kwa adabu. Ila kasema hatua ya nne, nilivyoiandika, itamwangusha mtu. Nimemwambia aheshimu maandishi.

Jumatano, 4 Juni
Bi Mueni kakataa. Mwalimu kwanza! Nikafunga bendeji mguuni, nikachechemea asubuhi nzima. Saa saba wakasema pilau inakaribia kwisha. Nikatoka mbio. Bi Mueni alikuwa mlangoni.

Ijumaa, 6 Juni
Aibu. Aibu tupu.

Hatua tatu za kwanza nilizimudu, nikiweka miguu kwenye vidato vilivyochongwa na wakwezi. Ya nne ikaniponyoka. Nikaukumbatia mnazi, kifua kikachubuka chote. Nikapaza sauti: "Ngazi! Leteni ngazi, jamani!"

Nikatazama chini. Vichwa thelathini vimeinama, kalamu zinakimbia. Wananakili! Idah wa mbele akauliza kwa upole kama "jamani" ni sehemu ya hatua ya tano. Miaka tisa nawaambia wanafunzi: andika kwanza, maswali baadaye. Nilitamani kulia. Nadhani nililia, maana Idah aliandika tena.

Fondo peke yake aliweka kalamu chini. Akakwea, akanifunga kamba kiunoni, akanishusha huku akiniwekea miguu kidatoni, mmoja baada ya mwingine. Kila mara akiniomba radhi.

Bi Mueni alikusanya madaftari, akasoma mawili matatu. Akasema, "Mwalimu Ndirangu, darasa zima limenakili kilio chako. Mmoja tu ndiye aliyejua la kufanya, naye hakulijua kwako."

Jumatatu, 9 Juni
Gerishom ndiye mkuu wa idara. Kuku wake wametaga tayari, wanafiki wakubwa.

Kosa langu nimelitafakari siku mbili, na nalikiri kiume. Maelezo yalipungua. Yalinipandisha, lakini ya kuteremka sikuandika hata neno.

Leo nimefunga madirisha, Bi Mueni asisikie, nikawaambia watoe kalamu. Kushuka Mnazi, Hatua Kumi na Nne. Wote wameandika, isipokuwa Fondo, aliyekaa tu akinitazama kwa huruma.

Nimemkata alama tano.