Kadi ya Harusi Iliyofungwa Mita

Wibi alikuwa amekwishapanda pikipiki nje ya kijiwe cha kahawa cha Mbak Sulis, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma, safari ya kwenda kwa baba mkwe kuomba harusi iahirishwe. Kilichomchelewesha ni Cak Kempul, kaka wa mtaa mwenye tumbo la mviringo kama upatu, ambaye alikuwa amelikalia begi lake la kompyuta. Na Cak Kempul si mtu wa kunyanyuka haraka.

"Cak, begi langu."

"Tulia, bwana harusi. Radar, hebu tusikie tena ile sauti."

Radar, ambaye habari zote za mtaa humpitia yeye kwanza, akainua simu juu ya vikombe vya kahawa. Ujumbe ulitumwa asubuhi kwenye kundi la mtaa mzima. Mwenye sauti ni Pak Tarmudi, baba wa bi harusi, msoma mita za umeme mstaafu:

"Nimefungua kadi ya harusi ya mwanangu kwenye simu. Lango limefunguka nusu. Maua ya asumini yamening'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Kichwa cha bwana harusi kimefika, mwili uko njiani. Na mita inasoma ishirini na moja! Mimi nilisema sitini. Leo baada ya Alasiri nakuja hapo kwa Sulis. Isipofika sitini, Wuri haolewi na mtu anayekwama!"

Kijiwe kizima kikapasuka kwa kicheko.

"Mtu anayekwama! Dah, mzee katili!"

"Mke wangu kaona ile picha ya Wibi mdomo wazi, kaniuliza: huyu anaoa au anang'olewa jino?"

"Chekeni tu," Wibi akasema, akashuka kwenye pikipiki. "Ukurasa ule ni picha nyingi zinazofuatana, fremu. Zikipita sitini kwa sekunde, unaona maua yanaanguka. Zikipungua, unaona maua yanajikwaa."

"Sasa mita ya nini kwenye kadi ya harusi?"

"Mkwe huyo! Kaniambia kitu kisicho na mita ni uvumi. Nikamwekea inayohesabu fremu."

"Na ule mshale wa dhahabu unaochezacheza?"

"Alisema mita lazima iwe na mshale."

"Na miali ya moto?"

"Moto uliutaka wewe, Cak."

"Na grafu?"

"Radar."

"Na ule mlio wa tik-tik?"

"Mimi nilisema tu ungependeza," Mbak Sulis akajitetea kutoka nyuma ya karai la tempe, vile vipande vya soya.

Wibi akaifungua kadi kwenye simu ya Kempul, kuukuu sawa na ile ya mkwe. Mita ikasoma 12.

"Unaona? Kwake ishirini na moja, hapa kumi na mbili. Hata kukwama inakwama kigeugeu!" Wibi akafoka.

Tik-tik ikamchosha. Akaizima mita ili apate kufikiri.

Asumini zikaanza kuanguka. Laini, moja moja, kama zimepakwa mafuta. Lango likafunguka lote. Kichwa chake kikafika pamoja na mwili.

"Ee!" Radar akasema. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimezima mita." Wibi akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mita ndiyo mgonjwa! Kwenye kila fremu inasimama kujichora, kujiwasha moto, kujipigia tik-tik, ndipo inahesabu tulivyochelewa!"

"Kumbe ni trafiki anayesimamisha magari yote apime mwendo!"

Wibi akamnyanyua Kempul kwa nguvu za mtu anayetaka kuoa, akatoa kompyuta, akaiunganisha na ile simu, akapima kwa pembeni. Sitini kamili.

"Lakini mzee anataka mita," Kempul akasema. "Macho yake mwenyewe hayaamini."

"Basi namwandikia namba tu kwenye kona. Ya kweli, imepimwa, ila imetulia." Akaandika: 60.

Alasiri ilipopita, Pak Tarmudi akaingia na kanzu na kikofia chake.

"Sulis, ipok moja!"

Yaani kopi, kahawa, ikisomwa kinyumenyume. Mzaliwa wa mji wa Malang kindakindaki yule, hawezi kulipita neno bila kuligeuza. Hata Malang kwake ni Ngalam. Wibi, mtu wa Kediri, alikwisha kumzoea. Akampa simu kwa mikono miwili.

Mzee hakuyatazama maua. Alivaa miwani, akatazama kona. Uso ukamwiva.

"Sita!"

"Bapa?"

"Asubuhi ishirini na moja, sasa sita! Unarudi nyuma, kijana!"

Wibi akaitazama 60. Akaikumbuka ile 12.

"Bapa... na namba unageuza?"

"Mimi mtu wa Ngalam. Nageuza kila kitu."

Radar akapaliwa na kahawa. Mbak Sulis akaacha kukaanga.

"Subirini kwanza," Kempul akasema polepole. "Si huyu ndiye aliyetusomea mita za umeme mtaa mzima?"

Wibi aliinama, akafuta, akaandika 06.

"Sitini!" Pak Tarmudi akacheka, akamkumbatia. "Hapo sasa umeoa!"

Harusi ilifungwa Jumapili. Wageni waliona 06 kwenye kadi wakadhani ni namba ya meza; wote wakajazana meza ya sita, ikavunjika mguu. Wibi na Wuri wamepanga nyumba nyuma ya stesheni. Cak Kempul hasemezani na Pak Tarmudi. Radar anasemezana nao wote, kila mmoja kivyake. Mbak Sulis bado anakaanga tempe. Pak Tarmudi alichaguliwa kushika saa kwenye mechi za mpira za mtaa, na mechi ya kwanza aliimaliza saa iliposoma dakika 09.