Vitabu Kumi na Vinne vya Mbuvi

Jumatatu, 2 Juni 1958. Thika.
Leo nimesema uongo, na si mdogo. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, nje ya stoo ya kiwanda. Kagwe, dresa anayefunga vidonda katika zahanati yetu, alikuwa na ile orodha ya vitabu ishirini ambavyo Bwana Chunilal, msimamizi wa ukumbi wa mji, anataka kila mtu avisome. Akatangaza kwamba yeye amesoma kumi na kimoja. Nikasema mimi kumi na vinne. Sijui vilitoka wapi. Nimesoma kimoja, tena nusu.

Ningejirudi, lakini mwalimu Katunge alikuwa pale. Hufundisha akina mama kusoma kule Ruiru, na huja kwangu kuchukua lebo za mikebe ya mananasi zilizoharibika, wanafunzi wake waandike upande wa nyuma. (Mimi humpa hata zile nzima.) Akasema ni bahati njema, maana anatafutwa mtunza sanduku la vitabu. Mtunza sanduku huenda nalo Ruiru kila Jumamosi na kukaa na mwalimu meza moja, saa mbili nzima. Mwaka mzima! Jumamosi hii mimi na Kagwe tutasimulia kitabu kimoja kila mtu mbele ya darasa lake, na akina mama watachagua.

Naitaka kazi hiyo kuliko nilivyoitaka baiskeli.

Jumanne, 3 Juni.
Nimejaribu kusoma. Kurasa mbili, usingizi.

Lakini nimepata njia! Kila Jumanne na Alhamisi jioni, vitabu vya orodha husomwa kwa sauti ukumbini kwa wasiojua kusoma. Na nani yuko nje, akizunguka jengo wakati wote? Mzee Muasya, askari wa ukumbi. Miaka miwili sasa. Nimemuuliza kama anavijua vitabu. Amesema anavijua vyote. Nimempelekea ugoro wa kutosha.

Jumatano, 4 Juni.
Somo la kwanza. Mtoto wa sultani anafukuzwa kwa fitina ya mama wa kambo. Anavuka jangwa siku saba bila maji. Safi sana. Kisha anaingizwa kwenye josho, anazama mpaka shingoni, na kupe wote wanamtoka.

Nilimuuliza Mzee Muasya kama ana hakika. Aliudhika kidogo. Alisema amesikia kwa masikio yake mwenyewe, dirishani. Akaendelea: mtoto wa sultani anampenda binti wa tajiri, lakini kwanza lazima akatwe kwato kabla ya mvua. Nimeandika yote. Waandishi wana mambo yao.

Ijumaa, 6 Juni.
Kagwe anasoma hata kazini. Leo amemfunga mgonjwa bendeji kwenye kidole kizima na kuacha chenye jeraha, macho yakiwa kitabuni. Nilimwonea huruma. Mchana aliniuliza kama bado ni kumi na vinne. Nikamwambia kumi na sita.

Jumamosi, 7 Juni. Ruiru.
Tumekuja kwa gari la moshi, sanduku katikati yetu kama mgonjwa. Kagwe alianza. Alieleza kitabu chake kina kurasa ngapi na sura ngapi. Akina mama waliendelea kusuka vyondo vyao.

Kisha mimi. Fitina ya mama wa kambo: mikono ikapunguza mwendo. Jangwa: mikono ikasimama. Mwalimu Katunge aliegemeza kidevu mkononi na kunitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Nikafika kwenye josho. Mama Wakonyo, mwenye ng'ombe watatu, aliuliza dawa kiasi gani kwa madebe mangapi ya maji. Mzee Muasya alikuwa amenipa hata hilo, kwa hiyo nikajibu. Wote wakaandika nyuma ya lebo zao. Lakini nilipofika kwenye kwato, mmoja alicheka, kisha wote. Mwalimu Katunge alicheka mpaka akavua miwani.

Kagwe hakucheka. Alifungua sanduku, akatoa kitabu chenyewe, akatafuta, akasema hamna josho. Kisha akaeleza, taratibu, kama anayempa mtoto kidonge, kwamba ukumbi una madirisha pande mbili. Upande wa kushoto husomwa vitabu. Upande wa kulia, siku hizo hizo, afisa wa mifugo hufundisha wafugaji. Na Mzee Muasya huzunguka.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ufunguo wa sanduku amepewa Kagwe.

Nilikuwa nimeshika kofia niondoke. Mama Wakonyo akauliza, sasa yule binti wa tajiri alikubali au alikataa? Wengine wakasema hawaondoki bila kujua. Kagwe hakujua, hicho si kati ya vyake kumi na kimoja. Mwalimu Katunge akaniwekea kitabu mikononi. Akasema nikisome, nirudi Jumamosi niwamalizie, maana Kagwe anahesabu vizuri lakini hakuna aliyeacha kusuka kwa ajili yake. Tena sanduku ni zito, na Kagwe ana mgongo mbaya.

Kwa hiyo nitakuwa nalibeba. Kila Jumamosi!

Jumapili, 8 Juni. Thika.
Nimesoma kurasa tisa. Ni kitabu kizuri kwelikweli, mbona hakuna aliyeniambia? Mtoto wa sultani ana rafiki ambaye Mzee Muasya hakumtaja kabisa. Pengine ndipo mzee alipokuwa upande wa pili. Nimesoma mpaka ugali ukapoa. Nimejisikia mtu mpya.

Jumatatu, 9 Juni.
Bwana Chunilal amebandika orodha mpya asubuhi hii. Vitabu thelathini. Saa ya chai Kagwe alikiri kwamba hapo amesoma viwili tu. Mwalimu Katunge alikuwa amekuja kuchukua lebo. Nikasema mimi kumi na kimoja.

Jioni nimepita kwa Mzee Muasya na ugoro. Nimemweleza kosa letu lilikuwa wapi, na nikamwomba tangu leo asimame dirisha la kushoto tu. Amekubali bila ubishi. Tena amenipunguzia kazi: mwisho wa mtoto wa sultani anaujua, nisihangaike na kurasa zilizobaki, na hiyo orodha mpya anaijua yote thelathini.

Vitabu vyenyewe bado havijafika kutoka Nairobi. Mzee huyu ni hazina.