Hati Iliyovaa Plastiki

Jumatatu, 3 Machi

Rehani, kwa maana yake halisi, ni haki ya mkopeshaji juu ya nyumba ya mkopaji. Haifi deni linapolipwa; hufa inapofutwa katika daftari la msajili wa ardhi. Deni tumelimaliza. Leo benki imenikabidhi hati ya kuondoa rehani. Bado mhuri wa msajili. Mke wangu alishauri tumpe wakili. Nikamjibu kwamba msomi halipi mtu amsomee. Akauliza nimesomea nini. Mantiki. Akasema haya, baba watoto, lakini rehani isipofutwa kufikia Ijumaa, kaka yake ataishika kazi hiyo. Shemeji! Mtu anayeshika kalamu kama mchi.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi ina maadui watatu: maji, mchwa na shemeji. Nimeipeleka hati kwenye kibanda cha fotokopi, ikatiwa plastiki mbele na nyuma. Inang'aa. Mwenye kibanda aliniuliza mara mbili, mzee, una hakika? Nilimhurumia.

Jumatano, 5 Machi

Kwa msajili. Karani akagonga mhuri, ukateleza. Akagonga tena, wino ukamchafua mkono. Akawaita wenzake waje waone. Mmoja akasema hiyo inafaa kuwekwa chini ya sufuria. Mwingine akataka kujua kama nyumba nayo nimeivisha plastiki. Nikaanza kuwafafanulia tofauti kati ya mhuri na alama ya mhuri. Foleni ikaniomba nikafafanulie nje. Kisheria, bado tunalala chini ya paa la benki.

Alhamisi, 6 Machi

Nadharia: kilichounganishwa kwa joto hutenganishwa kwa joto. Nikachukua pasi. Plastiki ilitoka ikagandia pasi, maandishi yakafuatana nayo. Asubuhi hiyo hiyo mke wangu akanyoosha blauzi yake nyeupe kwa pasi hiyo, na saini ya meneja wa benki ikahamia mgongoni, tena imekaa sawasawa, kwa kuwa ilikuwa imepinduka mara mbili, kwenye pasi kisha kwenye kitambaa. Sikukata tamaa. Hati ni chochote kibebacho saini. Nikamwomba avae blauzi twende agongwe mhuri. Akampigia simu kaka yake.

Ijumaa, 7 Machi

Walikwenda wawili. Shemeji akaiambia benki kwamba hati ya kwanza imeharibika. Hakufafanua. Wakapewa nyingine, msajili akagonga, rehani ikafutwa. Hati ya nyumba imerudi safi, na mke wangu ameifungia kabatini mwake. Ufunguo sijaonyeshwa. Shemeji alinipigapiga begani akasema, pole, shemeji, ilikuwa kuomba nyingine tu. Ndivyo wasiosoma wanavyobahatisha.

Blauzi nimeipeleka kibandani ikatiwe plastiki, kama ushahidi. Kwa maana limebaki swali ambalo hakuna aliyelijibu: ikiwa nyumba yetu imekombolewa na hati ya pili, ile saini ya mgongoni, iliyo halali kabisa, imeikomboa nyumba ya nani?