Mbuzi Kumi na Wawili na Nusu ya Pili ya Mwaka

Ruashi, Lubumbashi, tarehe 9 Oktoba 2023,
mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Butembo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Uchumi,

Mimi ni Kasereka Adrien, mfanyabiashara mstaafu wa maharagwe na sabuni. Gazeti lenu hunifikia kwa malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa likiwa limechelewa siku kumi, nami hulisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Kwa heshima kubwa naandika kudai fidia ya harusi.

1. Januari mliandika kwamba mauzo ya puce, vile vijipande vilivyo ubongo wa simu na magari, yameporomoka duniani kote. Maghala yamejaa, viwanda vimesimamisha ujenzi. Wiki ileile gazeti liliponifikia, Guelor, fundi wa simu kutoka Kenya (komini, yaani wilaya, ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), alileta wajumbe kumposa mjukuu wangu Dorcelle. Kwetu mahari ni mbuzi, na mbuzi ni kumi na wawili, wanaotembea kwa miguu yao. Je, mzee mwenye akili amkabidhi mjukuu kwa biashara inayoanguka? Niliwaonyesha wajumbe mchoro wenu wa mstari unaoshuka. Mjomba wa kijana, mzee Chomba, aliushika kichwa chini miguu juu, akasema yeye anaona unapanda.

2. Mlisema soko litafufuka nusu ya pili ya mwaka. Nikawaambia warudi Julai. Walirudi Julai, wakiswaga mbuzi kutoka Kenya hadi Ruashi. Wiki hiyohiyo gazeti lenu likafika, limeuhamishia ufufuo mwakani. Nikawarudisha, wao na mbuzi wao. Mbuzi mmoja alizaa njiani, na sasa wakwe wanauliza kama mtoto naye anahesabiwa. Swali hilo ni lenu.

3. Mliandika kwamba mwekezaji hodari hununua wakati wengine wanaogopa. Ukurasa uleule, safu ya pili, mkamshauri asubiri. Nimefuata mashauri yote mawili: wakwe nimewakubali, tena nimewakatalia. Mke wangu Victorine amehamia chumba cha watoto.

4. Dorcelle hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Aliweka sufuria ya moto juu ya gazeti lenu, akasema (Kambo kwa lugha ya hapa ni babu): "Kambo, bantu benye kukosa mali ya simu ya mupya, ya zamani ikiharibika banaipelekaka wapi? Kwa Guelor. Tangu ile puce yako ilianguka, yeye haiko na hata saa ya kukula." Niliinua sufuria, babu mzima mimi, nikatafuta safu ya mafundi katika ukurasa wenu, nikakuta hamna.

5. Msidhani siyajui makadirio. Nilipofika hapa niliwaandikia ndugu zangu kule kwetu Butembo kwamba narudi nusu ya pili ya mwaka. Nimewaandikia hivyo mara ishirini na sita, kila mara kwa sababu nzuri zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mwakani", namsikia vizuri sana.

Naomba basi mchapishe tarehe ya ufufuo, siku na saa, maana padri naye anataka kujua. Mlipe majani ya mbuzi tangu Julai. Mkishindwa, mmoja wa wakuu wa viwanda hivyo vya mbali aje mwenyewe Ruashi, akae mkekani mbele ya mzee Chomba, aeleze kwa nini maghala yake yamezuia harusi yetu.

Nisalimieni wapiga chapa, madereva wa malori, na hasa yule mchora mistari.

Ni mimi, ninayesubiri pamoja nanyi,
Kasereka Adrien

N.B. Barua hii imekaa wiki mbili ikingoja lori. Jumamosi iliyopita nilipokea mbuzi kumi na wawili. Mtoto wao sikumhesabu. Kiwanja changu cha Butembo, nilichokitunza kwa ajili ya siku ya kurudi, nimekiuza, na kwa fedha hizo Guelor amefungua kibanda cha pili hapa Ruashi, wakati wengine wanaogopa, kama mlivyoshauri. Fidia siidai tena. Gazeti liendelee kuja kwa anwani hii. Sitarudi.