Springi Si Kucha

Jumatatu, tarehe 3

Ushindi! Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi, na leo kaja mwenyewe kusema atakwenda ukumbini kwa gari langu. Langu! Si la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Bwana Kioo kwa sababu hufuta vioo vya gari lake hata kama halijatoka bandani. Alikuwa ameshaleta ombi lake, mpole kama paka aliyeona samaki. Kakataliwa.

Mjukuu kasema gari la babu ndilo lililompeleka shule, ndilo alilojifunzia kuendesha (mimi pembeni, macho nimefumba), basi ndilo litakalompeleka kwa mumewe. Nikamwambia, mchumba, umeniacha kwa ajili ya kijana asiye na mvi hata moja, lakini nitakupeleka. Kacheka. Kisha kaweka sharti: Babu, lioshe tu. Usiliguse.

Nimeapa. Mkono juu kabisa.

Jioni nimelitazama vizuri. Limesimama juu juu kama mtu aliyepandisha suruali avuke dimbwi. Liende hivyo harusini? Na Bwana Kioo nyuma yetu anang'aa?

Jumanne, tarehe 4

Kwa fundi. Nimemwambia nataka gari lilale chini, kama magari ya vijana. Kauliza nitabeba nini. Nikasema, heshima. Kauliza tena, kwa kilo. Mtu mkavu sana huyu.

Kashauri ninunue springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikasema kata hizi hizi. Kanionya kwamba springi si kucha, mzee, ukikata hazioti tena. Nikamjibu, kata mwanangu, hata mimi nimepungua urefu na bado natembea.

Kakata. Gari likashuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa mkekani. Raha!

Nimerudi nalo peke yangu. Kwenye kila tuta nilivuta tumbo ndani. Lilipita. Tumbo likivutwa vizuri, gari hupita.

Jumatano, tarehe 5

Rimu pana! Za mtumba, zinang'aa kama sufuria ya wageni. Matairi yametokeza nje ya bodi kama masikio. Nikikata stelingi mpaka mwisho inasikika krrr. Mke wangu kauliza ni nini hicho. Nikasema gari linasafisha koo.

Nilimwomba akae nyuma tujaribu na abiria. Kakataa. Kasema bado anakumbuka nilivyotengeneza jiko. Mwanamke huyu anaweka kinyongo! Jiko lenyewe halikulipuka, lilikohoa tu.

Basi nimejaribu bila abiria. Limefaulu.

Bwana Kioo alipita, akalizunguka gari, mikono nyuma. Kauliza kwa upole kama matairi yote yamepata pancha. Wivu. Nimemkaribisha chai ili aendelee kuliona.

Alhamisi, tarehe 6

Limebaki bawa la nyuma, lile vijana wanaita spoila. Dukani hawana saizi yangu. Nimezunguka nyumba nikiwaza. Nyuma ya mlango wa chumba: meza ya pasi ya mke wangu. Ndefu, nyembamba, imechongoka mbele. Kama si spoila hiyo, ni nini?

Nimetoa miguu. Nimevua kitambaa. Rangi nyekundu. Nati kwenye buti. Turubai juu ya gari zima.

Saa ya kupiga pasi nguo za harusi mke wangu kaitafuta meza. Nikamsaidia. Tumeinama chini ya kitanda pamoja. Mimi ndiye niliyetafuta kwa bidii zaidi.

Ijumaa, tarehe 7

Mjukuu kapiga simu. Babu, umeliosha? Nimeliosha, mchumba. Kweli tupu! Nimeliosha leo asubuhi, pamoja na spoila yake.

Nimepumzika. Nimejinyoa. Dunia imetulia.

Jumamosi, tarehe 8

Nimefunua turubai mbele ya watu wote. Mjukuu, ndani ya gauni lake, kalitazama gari, kanitazama mimi. Mke wangu kaitazama spoila. Kwa sauti ndogo kauliza kama ile si meza yake ya pasi. Nikasema tutachelewa.

Nyuma wakakaa bibi harusi, mama yake na gauni. Mbele mke wangu, ambaye siku hizi si mwepesi. Gari likalala zaidi. Matairi yakagusa bodi. Krrr, mtaa mzima. Harufu ya mpira unaoungua. Mke wangu kasema gari limesafisha koo mpaka limetapika.

Tuta la kwanza: tukakaa juu yake. Mbele hatuendi, nyuma hatuendi. Abiria wakashuka, nikavuta tumbo, likapita. Wakapanda. Tuta la pili: wakashuka. Wapita njia wakaanza kutusubiri kwenye matuta na kupiga makofi. Mjukuu kanyanyua gauni. Bwana Kioo nyuma yetu, polepole, anapunga mkono kama ni sherehe yake.

Tuta la mwisho liko kwenye geti la ukumbi. Refu. Watu wakashuka, nikavuta tumbo mpaka macho yakatoka. Gari halikusogea. Spoila ikang'oka, ikadondoka barabarani.

Bwana Kioo kashuka. Kafungua mlango wa gari lake. Kainama. Kasema karibu, mjukuu wangu, huku kuna kiyoyozi.

Nilitazama stelingi. Sikuwa na mzaha hata mmoja.

Mjukuu kaja dirishani kwangu. Kasema, Babu, shuka. Nikasema, mchumba, mimi ndiye dereva. Kasema, wewe ndiye mzigo. Shuka.

Nikashuka. Gari likainuka, wallahi, watu waliona! Mjukuu kavua viatu, kanipa. Kakunja gauni, kakaa, katia gia. Kalipandisha tuta upande upande, tairi moja kwanza, kama nilivyomfundisha siku niliyofumbua macho. Likapita. Kaingia ukumbini anaendesha mwenyewe, honi mpaka mlangoni, na bwana harusi kasahau kufunga mdomo.

Mimi nilifuata kwa miguu. Viatu mkono mmoja, meza ya pasi kwapani. Bwana Kioo alibaki ameushika mlango wake wazi.

Jumapili, tarehe 9

Nimepima mambo kwa utulivu. Bibi harusi kafika kwa gari langu. Kwa hiyo springi zilikuwa sawa. Rimu sawa. Kosa ni la matuta, na kidogo la dereva kula sana.

Mke wangu anapigia pasi juu ya meza ya chakula na hasemi nami. Nafasi nzuri ya kufikiri.

Mdogo wake bibi harusi naye keshachumbiwa. Asubuhi kaniletea ujumbe, kwa heshima zote: siku yake atatembea kwa miguu.

Safi sana! Basi kiti cha nyuma hakitakuwa na mtu. Kesho nakwenda kwa fundi. Pale nyuma zitaingia spika kubwa.