Bunduki ya Marehemu Alois na Nafasi ya Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Alois Imholz amezikwa, Mungu amrehemu, na bado sijui bunduki yake inakwenda kwa nani. Nimejizuia kuuliza hadi leo. Huo ni uungwana. Ni bunduki ndefu ya jeshi, ya mwaka 1911, kitako cha mti wa jozi, na komeo lake la kuingizia risasi huvutwa moja kwa moja nyuma, laini kama droo iliyopakwa nta. Babu yangu alilinda mpaka wa nchi kwa bunduki ya namna hiyohiyo. Katika bonde letu hakuna nyingine iliyotunzwa vile. Naitaka. Naandika hapa kwa sababu Trudi, mke wangu, hawezi kusoma mwandiko wangu. Wakati mwingine hata mimi unanishinda.

Mpango: kumpelekea mjane mkate wa peasi. Kumzungumzia marehemu. Kulia kidogo ikiwezekana. Kisha kuisifu bunduki kana kwamba macho yameiangukia kwa bahati tu.

Jumatano, 4 Septemba

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nimefika kwa Mama Imholz na mkate wangu, nikamkuta Köbi Zgraggen, fundi jibini, ameshaketi mezani na kipande cha jibini kikubwa kuliko kiti. Huyu bwana nimelala naye bega kwa bega kwenye uwanja wa shabaha tangu ujana, na tangu ujana anakusanya bunduki zilezile ninazokusanya mimi. Alikuwa tayari analia. Tena analia vizuri.

Mama Imholz alikata mkate wangu, akaweka jibini lake juu, akala. Akasema anatujua sote wawili na tusimchoshe. Alois siku zote alisema bunduki isiyopigwa ni mpini wa ufagio. Kwa hiyo ataitoa iwe zawadi kwenye shindano letu la bunduki za zamani, Jumamosi ya tarehe 14, na mwenye alama nyingi ataondoka nayo. Köbi akasema hiyo ni haki kabisa. Nami nikasema ni haki. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mkate umeliwa wote na mimi sikuonja.

Alhamisi, 5 Septemba

Trudi amesikia. Kijiji hiki hakina siri. Sijavua hata viatu, akanikumbusha sheria ya nyumba: ukutani zipo bunduki saba, ikiingia moja itoke moja. Nikasema labda amekosea kuhesabu. Akasema anazifuta vumbi yeye, kwa hiyo anazijua kwa majina. Mwaka juzi nilijaribu kuficha ya nane bustanini, nikaifunga gunia na kuisimika kati ya miti ya maharage. Maharage yakaiparamia vizuri tu. Aliigundua alipokwenda kuchuma.

Basi nimekata shauri kiume. Karabini yangu, ile bunduki fupi ya wapanda farasi, nimempa shemeji Beat, ili nafasi iwe tayari. Beat alifika na gari kabla hata sijaweka simu chini. Trudi akauliza kama si busara kushinda kwanza, kisha ndiyo kugawa. Trudi hana imani na mimi. Imeniuma.

Jumapili, 8 Septemba

Mazoezi sebuleni, bila risasi. Nimelala kifudifudi chini ya meza, nikalenga saa ya mnara wa kanisa kupitia dirishani. Mkono umetulia ajabu. Ncha ya kulengea iliyo mbele ya bunduki ilikuwa inang'aa, na ncha inayong'aa humdanganya mlengaji, kwa hiyo nikaipaka masizi kwa mshumaa kama alivyonifundisha baba. Bunduki imepata masizi. Pazia pia limepata. Sehemu fulani ya pazia haipo tena.

Trudi aliniangalia nikitambaa kutoka mvunguni. Akasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mume wangu, wewe umeinama na hujatoka na kitu. Chakula cha mchana kilikuwa viazi vya kukaanga, mbele ya pazia lililobaki. Viazi vilikuwa vitamu.

Jumanne, 10 Septemba

Leo nimefanya kazi ya akili. Uwanja wetu una nafasi nne, na ng'ambo ya bonde, mita mia tatu, kuna shabaha nne zenye namba. Mimi ni mtu wa nafasi ya tatu. Nimelala hapo tangu nilipomaliza jeshi, na ubao wa sakafu umechukua umbo la tumbo langu. Lakini mwezi huu wa Septemba, asubuhi, jua linapochomoza juu ya mlima, miale yake inamwingia machoni mtu wa nafasi ya tatu na kumwacha salama wa nafasi ya nne. Hili nimeligundua mimi. Sidhani kama Köbi anajua hata jua linatokea wapi.

Nimempelekea Wendelin, mkuu wa uwanja, chupa ya pombe ya plamu. Nikazunguka, nikazunguka, mwisho nikamwomba anihamishie ya nne, na ya tatu ampe Köbi. Wendelin akasema sawa. Akasema ningeomba tu bila chupa angenipa, maana hakuna anayejali. Chupa hakuirudisha.

Nimelala usingizi mtamu wa alasiri. Namhurumia Köbi, kwa mbali.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike taratibu.

Anga safi. Kengele za ng'ombe kila upande. Bunduki ya Alois ilikuwa mezani, imewekewa shada la maua, na Mama Imholz amekaa kando yake kama mzazi wa bibi harusi. Nikalala nafasi ya nne. Köbi akalala ya tatu, akaanza kupepesa macho kwa jua. Niliona raha hadi aibu.

Risasi kumi, moja moja, kwa amri. Kila baada ya risasi, wasaidizi walio handakini chini ya shabaha huishusha, huziba tundu, huipandisha tena na kuonyesha kwa kibao risasi ilipoingia. Wakipunga kibendera chekundu, hukugusa kitu. Nikavuta pumzi, nikafyatua. Nilijua ni katikati, mwili wenyewe uliniambia. Shabaha ya nne ikashuka, ikapanda. Kibendera.

Köbi akaonyeshwa katikati.

Risasi ya pili, vilevile. Kibendera kwangu, katikati kwa Köbi. Nikafuta masizi. Ya tatu, kibendera. Nikazilaumu risasi. Ya nne, nikamlaumu Trudi kwa kahawa nzito. Ya tano ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, na kile kibendera kikapungwa kwa furaha, naapa. Köbi aliduwaa. Yeye mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba macho yamejaa jua, haoni kitu, na hajui anapigaje hivi.

Hapo simu ya handakini ikalia. Wendelin akasikiliza, akaja, akalala karibu yangu, akafuata mtutu wangu kwa jicho. Akaniuliza kwa upole, "Meinrad, unalenga namba ngapi?" Nikamwambia nne, kwani ngapi. Akasema, "Hiyo ni tatu, bwana. Mazoea yana tabu."

Miaka yote hii jicho langu limejua njia moja tu, na limeifuata. Handakini walikuwa wakiona matundu mawili kwenye shabaha ya tatu, mwanzoni wakadhani Köbi anapiga mara mbili. Bunduki zetu zote zinakula risasi ya aina moja, kwa hiyo tundu langu na lake ni mapacha. Na sheria ya chama chetu cha shabaha iko wazi: pasipojulikana tundu la nani, mwenye shabaha anapewa lililo bora.

Risasi tano za mwisho nilizipeleka namba nne. Zote katikati. Hazikutosha. Köbi ameshinda kwa alama chache, na nyingi kati ya alama zake ni zangu. Yeye mwenyewe alisimama akamwambia Mama Imholz hivyo, mbele ya watu. Mama akasema sheria ni sheria, hata Alois iliwahi kumwangusha. Akampa bunduki. Nilimpa Köbi mkono. Soseji zilikuwa nzuri, nilikula tatu.

Jumatano, 18 Septemba

Köbi amekuja kunichukua. Sikutaka kwenda. Nimekwenda. Uwanja ulikuwa wetu peke yetu, pamoja na Wendelin handakini. Köbi akanikabidhi bunduki ya Alois, akasema, "Anza wewe, mzee mwenzangu. Nusu ya ushindi ni yako." Kisha akaniomba nimtajie namba kwa sauti kabla ya kufyatua.

Inapiga kama iliyotengenezwa jana. Komeo linarudi kwa kidole kimoja. Nilifurahi, nakiri. Tulipiga mpaka bega likawa jekundu, tukala jibini lake kwa kisu cha mfukoni, na ng'ombe wakatutazama. Akasema niichukue siku yoyote nikiitaka, mradi niirudishe. Mtu mwenye akili angeridhika hapo. Niliridhika. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 21 Septemba

Mama Imholz amesafisha dari. Amekuta bunduki ya baba yake Alois, ya mwaka 1889, imefungwa kwenye blanketi la jeshi. Itashindaniwa masika.

Safari hii nimejifunza. Kosa lilikuwa nafasi ya nne. Nimeshampelekea Wendelin chupa, nimeomba ya pili, na Köbi nimempangia ya tatu. Trudi anasema hesabu ya ukutani sasa ni sita, kwa hiyo shemeji Beat yuko njiani na gari kuchukua moja.